Msumari wa Banda la Kuku

Kuna asubuhi moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata asubuhi ya harusi yangu. Mume wangu akisikia hivyo atanuna, lakini ndivyo ilivyo. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimepiga magoti kwenye udongo mwekundu wa Kacyiru, mkono mmoja nimeshika nyundo, mkono wa pili nimeshika msumari nilioung'oa kwenye banda la kuku. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Anayefanya jambo jema hatazami kushoto na kulia, lakini akili hiyo nilikuja kuipata baadaye.

Habari hii imenirudia kwa sababu yako. Wiki iliyopita, hapa gereji kwangu, ulikuwa unaiandaa ile trekta nyekundu ya bustani ili tuipake rangi. Ulipiga msasa vizuri, sina neno. Ulipofika upande wa ndani wa boneti ukaniuliza, "Mama Konso, haya makwaruzo niyatoe?" Nami nikakupigia kelele mpaka fundi cherehani wa jirani akaacha kazi yake akaja kuchungulia. Kelele zenyewe naziombea radhi. Sababu yake siiombei. Kaa hapo juu ya tairi nikueleze, chai ipo, na mwenye haraka apande pikipiki aende zake.

Mimi nilikulia Karagwe, Tanzania, ndiyo maana unanisikia naongea hivi. Baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, ya dizeli, na mimi ndiye niliyekuwa nazungusha hendeli alfajiri kabla ya kwenda shule. Tuliporudi nyumbani Rwanda nilikuja na majivuno ya mashine moja. Ukijua mashine moja, mwanangu, unadhani umezijua zote. Ukijua kumi ndipo unaanza kuuliza. Shangazi yangu, aliyekuwa anakaa Kimironko, akanitafutia kazi kwa masista waliokuwa na nyumba na bustani kubwa kule Kacyiru, upande ule unaoteremka kwenda bondeni. Nilikuwa nalala huko huko, na kazi yangu ilikuwa kufua mashuka. Lakini kamba za kuanikia zilikuwa mbele ya banda la trekta, na mashuka yangu yakawa yanachukua muda mrefu sana kuanikwa.

Ndani ya banda alikuwemo Mzee Deo. Muzehe Deo, wanavyosema hapa Kigali. Alikuwa mtu wa Bujumbura. Alikulia huko, ufundi alijifunzia huko, na hata "ndiyo" yake ilibaki "ego" ya Kirundi mpaka uzee wake. Mfupi, mkavu, kofia ya sufi kichwani hata jua la saa sita. Mfuko mmoja wa ovaroli ulikuwa na rozari, mfuko wa pili ulikuwa na vitunguu saumu alivyotafuna kwa ajili ya presha. Ukikaa naye karibu ilibidi kwanza uangalie upepo unatoka wapi. Tuliongea Kiswahili, kwa sababu Kinyarwanda changu cha Karagwe kilimchekesha yeye, na chake cha Burundi kilinichekesha mimi.

Na bandani walikuwa wawili, yeye na Mama Mkwe. Mama Mkwe ndiyo trekta yenyewe. Masista walimwita Nyirabukwe, na maana ni hiyo hiyo, kwa sababu ukimwendea bila heshima hawaki. Trekta ndogo ya bustani, boneti yake inafika kiunoni mwa mtu, injini ya petroli ya silinda moja, chini ya tumbo ana visu vya kukatia nyasi, nyuma anavuta tela. Aliletwa na padri mmoja mgeni miaka mingi kabla yangu, na kiwanda kilichomtengeneza kilishafungwa. Speya hakuna. Ukivunja kitu, unakichonga mwenyewe au unakaa bila. Na ile bustani bila Mama Mkwe ilikuwa ni mapanga na vichwa: nyasi za kukata, mbolea ya kushusha, madumu ya maji ya kupeleka chini kwenye kabichi na karoti, na hizo mboga ndizo zilizolisha watoto wa chekechea ya masista.

Sasa sikiliza jambo la boneti. Mzee Deo alipoajiriwa alimkuta Mama Mkwe amelala miaka, matairi hayana upepo, kuku wanataga chini ya kiti. Kitabu cha maelekezo hakuna, mtu wa kumuuliza hakuna. Akainua boneti, akakuta upande wa ndani pameandikwa kwa ncha ya msumari, mstari chini ya mstari. Kila fundi aliyemgusa Mama Mkwe aliandika alichofanya, na hasa alichoharibu. Padri mwenyewe aliandika kwa Kifaransa kwamba alisahau oili, halafu akajiita mjinga. Mwingine aliandika kwa Kinyarwanda kwamba bolti ya chini kushoto aliikaza mpaka meno ya uzi wake yakafa, anayekuja asiiguse. Mwingine, kwa Kiswahili, juu ya platini zinazotoa cheche ya kuwasha: "Platini zikilowa zikaushe kwa kitambaa, si kwa moto. Mimi nilitumia moto." Kwa mistari hiyo Mzee Deo alimfufua Mama Mkwe. Baadhi ya walioandika hawakuwepo tena duniani, na hapa kwetu, mwanangu, unajua, watu hawakuulizana sana nani aliishia wapi. Lakini kila asubuhi, kabla ya kumwasha, Mzee Deo aliinua boneti, akavaa miwani, akasoma yote kutoka juu mpaka chini. Kisha akafanya ishara ya msalaba, akapanda.

"Mashine haina kinywa," aliniambia siku aliyonikubali nimsaidie. "Kinywa yake iko hapa. Ukitengeneza, andika. Ukiharibu, andika mara mbili."

Nikasema ndiyo, Mzee. Ndiyo ni neno jepesi, halina hata mfupa. Sista Goreti, mkuu wa nyumba, akakubali: asubuhi nifue, baada ya chai ya saa nne niwe bandani. Siku niliyosafisha kabureta peke yangu niliandika kwa herufi kubwa, "Nimesafisha kabureta. Konsolata," nikachora na ua pembeni. Mzee Deo aliliangalia lile ua muda mrefu. Kisha akachukua kitunguu saumu kingine.

Tufike sasa kwenye msumari, maana naona unaangalia saa.

Kwa Mama Mkwe kanyagio la klachi na la breki ni moja. Ukikanyaga, mkanda unaozungusha magurudumu unalegea, na papo hapo fimbo inavuta breki. Fimbo hiyo inashikwa na kipini cha miguu miwili, hakizidi kidole chako cha mwisho. Kidude kidogo hivyo. Siku ile napaka grisi nikakuta mguu mmoja wa kipini umelika. Nikauvuta kidogo nione, kikakatika chote mkononi mwangu.

Mzee Deo alikuwa na kopo zima la pini alizochonga mwenyewe, lakini alikuwa amelifungia kabatini na ufunguo alikuwa nao, na siku hiyo alikwenda kupima presha. Ningesubiri. Kusubiri kungenigharimu nini? Hakuna. Lakini mimi, binti wa mwenye mashine ya Karagwe, nikae nimsubiri mzee kwa ajili ya kipini? Nikaenda nyuma, nikang'oa msumari kwenye bati la banda la kuku, nikaupitisha kwenye tundu, nikaukunja kwa nyundo. Nikakanyaga breki mara tatu. Ikashika. Nikajipongeza, nikasema kesho nitaweka pini ya kweli.

Halafu nikainua boneti niandike. Haki ya Mungu, niliinua. Msumari wa kuandikia ulikuwa unaning'inia kwenye uzi pale pale. Nikasoma ya platini, nikasoma ya kabureta, nikaliona ua langu, nikajaribu kujiona naandika chini yake: nimeweka msumari wa banda la kuku. Lo! Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Mzee asome hivyo kesho? Na miaka ijayo mafundi wengine wasome, wacheke, waulize huyu Konsolata alikuwa nani? Nikafunga boneti taratibu, ili isilie.

Kesho yake kulikuwa na mashuka ya wageni. Keshokutwa yake ikanyesha. Siku ya nne nikawa nimejisahaulisha, ambako si sawa na kusahau. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo niliijua tangu darasa la pili, nilishaiandika ubaoni kwa mwandiko mzuri mwalimu akanisifu.

Siku ya tano, saa tatu asubuhi, nilikuwa kwenye kamba na mashuka yangu. Nikamwona Mzee Deo anainua boneti. Akavaa miwani. Akasoma, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Nilimwona anasoma, mwanangu. Nilikuwa nimeuma vibanio vya nguo mdomoni, viwili au vitatu, na ningeweza kuvitema. Akafika chini, akafunga, akafanya ishara ya msalaba. Akapanda, akamwasha, akashika njia ya bondeni, tela limejaa madumu ya maji. Chini kabisa kwenye kabichi walikuwepo masista wawili wanapalilia, wametugeuzia migongo.

Msumari ulikatika katikati ya mteremko. Sikuusikia, nani angeusikia, lakini niliona mwendo umebadilika. Na hapo ndipo ubaya wa kanyagio moja. Mtu akiona mashine inakimbia anakanyaga. Yeye akakanyaga. Fimbo haikuwa na kitu cha kuishika tena, breki haikuvutwa, lakini mkanda ulilegea kama kawaida yake, na magurudumu yakawa huru. Kadiri alivyokanyaga ndivyo alivyoifungulia njia. Na nyuma yake tela la maji linasukuma.

Hakupiga kelele. Aligeuza usukani wote kushoto, akamtia Mama Mkwe kwenye uzio wa miyenzi, ile minyaa ya kwetu, hatua chache kabla ya wale masista. Nilisikia matawi, kisha bati, kisha madumu yanabingirika. Nilikimbia na shuka mkononi. Nilimkuta amelala kwenye utomvu mweupe wa miyenzi, mguu wa kulia uko chini ya trekta, umevunjika chini ya goti. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Masista iko wazima?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi sikusikia la mkuu, na guu lililovunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe.

Ungedhani siku hiyo nilisema. Sikusema. Na hakuna aliyenishuku, hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, kwa sababu wote walikuwa wapole. Walisema Muzehe amechoka. Walisema macho yake, presha yake, labda kizunguzungu kilimpata. Sista Goreti alituita uwani akasema kosa ni lake yeye kumwacha mzee wa umri ule aendeshe mashine mlimani, na machozi yalimlenga. Akasema Muzehe akitoka hospitali atakwenda kupumzika kwa binti yake kijijini, amefanya kazi ya kutosha. Na Mama Mkwe, ekseli imepinda na speya hakuna, Jumatatu watakuja watu wa vyuma chakavu wamchukue. Masista wakaitikia. Mimi nikakunja mashuka.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Jumatatu ikipita nimenyamaza, Mzee Deo hana kazi na hana jina, ataishi na kumbukumbu kwamba alikaribia kuua masista wawili kwa uzee wake. Na Mama Mkwe atakatwa vipande, maandishi yote ndani. Mimi nitabaki na kazi yangu na ua langu.

Jumamosi nikampelekea chakula hospitali, maharage na ndizi. Alikuwa amekaa kitandani, kofia ya sufi kichwani, mguu umefungwa plasta. Akashukuru chakula, akauliza habari za bustani. Halafu akatazama ukuta.

"Asubuhi ile nilisoma," akasema. "Nilisoma yote. Hakuna kitu mupya ilikuwa."

Nikamsogezea ndizi.

"Labda ni macho," akasema. "Macho imezeeka. Sista anasema ukweli."

Dirishani karibu na kitanda iliwekwa rozari yake. Pembeni ya rozari palikuwa na nusu ya msumari, kichwa chake bado kina kutu ya bati. Sijui aliuokota vipi, amelala pale na mguu umevunjika. Aliuokota. Nikauona, naye akaniona nauona. Nikachukua bakuli langu nikatoka. Nililia njia nzima mpaka Remera, na watu kwenye kituo cha basi wakanipisha kiti wakidhani nimefiwa.

Jumapili nilikuwa Kimironko kwa shangazi, kama kila mwisho wa wiki, naye akaona sili. Shangazi yangu hakuwa mtu wa kukuuliza mara mbili. Alivuta sahani yangu kwake, akala nyama yangu, akasema, "Konso, mficha uchi hazai," akaendelea kutafuna. Hakujua nilichoficha. Alijua tu nimeficha.

Jumatatu nilifika Kacyiru mapema, watumishi wa serikali ndio kwanza wanashuka kwenye mabasi. Mama Mkwe alikuwa bandani, amekokotwa huko, uso umepinda na vijitawi vya miyenzi vimekauka kwenye taa. Niliinua boneti. Haikutaka, niliisukuma kwa bega. Nikashika ule msumari wa kwenye uzi nikaandika chini ya ua langu: "Breki. Niliweka msumari mahali pa pini. Sikuandika. Mzee Deo alisoma asione. Mguu wake ni kosa langu. Konsolata." Herufi zikaenda upande. Nikapumua. Halafu nikakumbuka alivyoniagiza, nikaandika yote tena kwa mara ya pili, neno kwa neno. Mara ya pili ndiyo iliyouma, mwanangu. Mara ya kwanza unaandika kwa hofu, mara ya pili unasoma ulichoandika.

Nikaenda kumwita Sista Goreti. Alikuja na watu wa vyuma chakavu nyuma yake, wawili na mkokoteni. Nikamwonyesha boneti. Akainama. Nilidhani ataanza na maneno yangu, lakini alianza juu kabisa, kwa padri aliyejiita mjinga, akashuka pole pole.

"Haya yamekuwa hapa siku zote?" akauliza.

"Siku zote, Sista. Muzehe anayasoma kila asubuhi."

Kwenye mstari mmoja wa Kinyarwanda alisimama, akaupitisha kidole mara mbili, nikajua jina lile analifahamu. Sikuuliza. Akaendelea mpaka akafika kwangu. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili. Aliponyooka hakunitazama mimi, aliwatazama wale watu wa mkokoteni.

"Nendeni kwa amani," akasema. "Hapa hapana chuma chakavu."

Nilijua zamu yangu imefika. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwenye kanga, nimeziweka nyuma ya mlango wa banda, maana kufukuzwa nilikuwa na hakika nako. Sista Goreti akaona lile furushi. Akasema nilirudishe ndani. Akasema Muzehe anarudi kwenye kazi yake, na mpaka siku atakayotembea, chakula chake nitapeleka mimi kwa miguu yangu, na ekseli ile nitainyoosha mimi kwa mikono yangu. Halafu akaniuliza kitu kimoja tu: kwa nini sikusema siku ile ile?

"Niliona aibu ya msumari, Sista."

"Na aibu ya mguu?" akauliza. Akaenda zake kanisani bila kusubiri jibu.

Mchana nikaenda hospitali na maharage. Nikasimama mlangoni. "Mzee," nikasema, "nimeandika."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Ego," akasema, akanyoosha mkono apokee bakuli.

Alikula mpaka katikati ndipo nikapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini hakumwambia Sista, naye msumari alikuwa nao. Kwa nini alikubali aitwe kipofu? Akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono. "Nikisema mimi, ni kukushitaki," akasema. "Ukiandika wewe, ni kutengeneza. Mimi ni fundi, sha, mtoto yangu. Siko polisi." Halafu akaniambia maharage yamezidi chumvi.

Ile ekseli nilihangaika nayo wiki saba. Niliitia moto, nikaigonga, nikaikosea, nikaandika. Nikaigonga tena, nikaikosea tena, nikaandika tena. Boneti ilijaa makosa yangu mpaka nikaanza kubana herufi. Na jambo la ajabu, kadiri nilivyoandika ndivyo aibu ilivyopungua na mkono ulivyotulia. Siku ya mwisho nikaweka pini, pini ya kweli kutoka kwenye kopo la Mzee, na hiyo nayo nikaiandika, bila ua.

Mzee Deo alirudi kwa magongo mawili. Masista walimpigia makofi uwani, akaona haya, akapita moja kwa moja mpaka bandani. Nikamwinulia boneti. Akaegemeza gongo moja kwenye tairi, akavaa miwani, akasoma. Alisoma kila kitu, kidole kikishuka taratibu kama siku zote, na mimi nilisimama nimeshika boneti, mikono inaniuma, sithubutu kuishusha. Alipofika mwisho akatia mkono mfukoni. Nikajua anatafuta kitunguu saumu. Akatoa ile nusu ya msumari. Akainama, akaandika chini ya maneno yangu, maneno mawili tu: "Nimesoma. Deo."

Akaurudisha mfukoni. "Washa," akaniambia.

Nililia, ndiyo, usiniangalie hivyo. Nikamwasha Mama Mkwe huku nalia, naye akawaka mara ya kwanza, na Mzee akasema hata mama mkwe akiona machozi ya kutosha anaridhika. Tangu siku hiyo mimi niliendesha, yeye akawa anakaa kwenye tela juu ya kigoda ananiamrisha. Alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Kila nilipomwona anapanda ngazi nilikumbuka banda la kuku, na sikuomba kusahau. Tulipomzika masista waliimba, na mimi nilitia kipini kimoja kwenye mfuko wa koti lake. Kama huko aliko kuna mashine, asikwame.

Baadaye masista walinunua mashine mpya, wakanipa Mama Mkwe. Umeshajua sasa. Ndiyo hiyo uliyokuwa umeishikia msasa.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na sitaipamba. Utakosea. Mikono yako ni mizuri kuliko yangu nilipokuwa na umri wako, na bado utakosea. Kosa lenyewe si geni, boneti imejaa. Lakini kumbuka kuna mtu atapanda juu ya kazi yako asubuhi, ataisoma, ataiamini, ataelekea mteremkoni. Mwachie ukweli, hata kama ni ukweli wa msumari wenye kutu. Ukitengeneza, andika. Ukiharibu, andika mara mbili. Na usafi tunaupenda hapa Kigali, tunafagia mpaka majani yanaogopa kudondoka, lakini usisafishe mwandiko wa aliyekutangulia. Boneti ya Mama Mkwe utaipaka rangi nje, ing'ae wamuonee wivu. Ndani usiguse. Chini kabisa, kulia, pamebaki nafasi kama kiganja hivi. Nilikuwa naitunza bila kujua namtunzia nani.

Nenda. Mungu aibariki mikono yako, akupe macho ya kusoma ya wenzako na ujasiri wa kuandika ya kwako. Akulinde na breki mbovu na sifa za bure. Na siku utakapoandika jambo linalokuuma kuliko yote, akujalie mtu mmoja atakayeinama taratibu, asome mpaka mwisho, aandike chini yake: Nimesoma.